Kichwa cha Mtasema

Jere alimleta mbwa wake kwenye toroli saa tano asubuhi, wakati jua la Oktoba lilikuwa limeshaanza kulainisha lami ya barabara za Luanshya. Hakupiga hodi. Aliisukuma toroli mpaka kwenye lango la Felistasi Nkandu, akaituliza juu ya miguu yake, akasimama pembeni akijipangusa jasho la shingo kwa mkono wa shati. Ndani ya toroli, juu ya vumbi la mkaa, alilala Mtasema, jibwa la rangi ya kahawia lenye kifua cha ndama, miguu minne imekakamaa kama ya meza iliyopinduliwa. Ulimi ulining'inia pembeni, umegeuka zambarau. Povu la mdomoni lilikuwa limechanganyika na vumbi likawa uji mweusi, na nzi walikuwa wameshapata habari.

"Nimekuletea umwone," alisema Jere. "Usije ukasema nimemficha kwa shemeji."

Felistasi alijiziba pua kwa pindo la kitenge. Alitaka kugeuza uso, lakini aliyeagiza sharti apokee; akatazama. Aliona tumbo lililoanza kuvimba, kinyesi kilichokaukia mapajani, na jicho moja lililobaki wazi, lenye ukungu kama glasi iliyokosa kusuuzwa.

"Mwondoe," alisema.

"Umeridhika, Mama Kapembwa?"

"Mwondoe, Jere. Nakuomba."

Jere alitema mate upande wa barabara, akashika mishikio. Gurudumu lililia mpaka kona. Pale langoni palibaki matone matatu ya kitu kisichokuwa maji wala damu. Felistasi aliyamwagia ndoo mbili za maji ya dawa, akasugua kwa ufagio mgumu mpaka saruji ikabadilika rangi, kisha akaenda nyuma ya nyumba akatapika chai yote ya asubuhi.

Naye alikuwa amepata alichokitaka.

Felistasi alikuwa mtu wa usafi, na mtaa mzima ulimjua hivyo. Miaka thelathini na moja alipiga taipu katika ofisi za mgodi wa shaba, na katika mji ambao vumbi liliingia hata kwenye kibakuli cha chumvi, yeye alirudi nyumbani jioni mikono ya blauzi ingali mieupe. Waliomjua zaidi walisema usafi ule ulizidi alipofiwa na mumewe. Mzee yule alikuwa amevuta vumbi la chini ya ardhi ujana wake wote, na mapafu yalipoanza kulirudisha, yalilirudisha kwenye beseni, kidogo kidogo, kwa miaka miwili. Felistasi ndiye aliyeyamwaga yale mabeseni. Hakuwahi kukunja uso mbele ya mumewe. Alikuja kuukunja baadaye, kwa kila kitu kingine.

Matanga yalipokwisha, bintiye Kapembwa alimletea kitoto cha mbwa cheupe pe, ili nyumbani mwa mama yake kuwe na kitu kinachopumua. Felistasi alimwita Tute, yaani muhogo, kwa kuwa alifanana na muhogo uliomenywa sasa hivi. Alimwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya watoto, alimpangusa miguu kabla hajavuka kizingiti, na chakula chake alikipika katika sufuria ya peke yake.

Jere alikuwa jirani wa upande wa pili wa ua wa michongoma. Mgodi ulipopunguza watu aligeukia kuuza mkaa, na tangu hapo kila kitu chake kilikuwa cheusi: kucha, mlango, nguo zilizoanikwa, mpaka mate. Yeye alikuwa Mngoni na Felistasi Mbemba, na makabila hayo mawili yana utani wa tangu vita vya mababu. Kwa hiyo kila lalamiko la Felistasi lilimrudia likiwa mzaha. Akilalamikia moshi, anaambiwa Wabemba walaji nyani wana pua ndefu. Na mbwa yule aliitwa Mtasema kwa desturi yetu ile ile ya kumbatiza mbwa jina la kumsemea jirani. Felistasi alijua jina lilimlenga nani. Kila Jere alipomwita mbwa wake, yeye ndiye aliyeitika, kimoyomoyo na kwa hasira.

Mkasa wenyewe ulitokea Jumatatu alasiri. Mtasema alikuwa amefungwa kwa waya kwenye mpera, waya ule ule kwa miaka minne, na siku hiyo ukakatika. Felistasi alisikia mlio ambao kwanza alidhani ni wa mtoto mchanga. Alipofika uani, Mtasema alikuwa amemshika Tute mgongoni, akimtikisa kama mtu anayekung'uta mkeka. Alimpiga kwa mpini wa ufagio mpaka ukavunjika, kisha akaingiza vidole vyake baina ya meno na manyoya, mate ya moto yakimtiririkia mpaka viwikoni. Mbwa alipoachia, aliondoka taratibu, akijilamba pua, kama aliyemaliza zamu yake kazini. Utulivu ule ndio uliomchukiza Felistasi kuliko damu.

Kesho yake alimfuata Jere. Hakumwachia mwanya wa utani. Alimwambia kwamba mbwa yule akiliona jua la Alhamisi, yeye atakwenda polisi, atasimama kanisani mbele ya watu wote, na ataiandikia barua kamati ya mtaa. Na barua, kama Jere ajuavyo, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Jere alijaribu kusema kwamba atatafuta mnyororo.

"Mnyororo jifunge wewe," Felistasi alimjibu. "Mimi nataka afe."

Alishangaa jinsi neno lile lilivyotoka laini, bila kukwama popote. Na Jumatano saa tano ndiyo ile toroli.

Mzoga ulipoondoka, harufu haikuondoka. Felistasi alidhani imenasa kwenye lango, akarudia kuliosha. Alidhani imenasa kwenye kitenge, akabadilisha. Ndipo alipogundua kwamba ilikuwa ikitoka ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwenye kikapu cha Tute. Jumatatu jioni, katika ofisi ya mifugo, walimpa unga wa dawa tu kwa kuwa daktari alikuwa vijijini, naye alimfunga kidonda kwa vipande vya shuka nyeupe, vizuri, kama bahasha. Sasa alivifungua. Chini ya ngozi iliyochanika, nyama ilikuwa ikicheza. Funza, weupe kama punje za wali, walikuwa wakisukumana humo kwa bidii, na kila waliposogea, usaha wa kijani uliwatangulia.

Tute alimtazama akatikisa ncha ya mkia.

Felistasi hakumgusa. Alisimama mikono ikiwa mbali na mwili wake, akipumulia mdomo, akijiambia kwamba sasa hivi atamshika, sasa hivi. Alisimama hivyo mpaka ule mkia ukaacha kutikisika. Ndipo alipovaa glovu za kuoshea vyombo, akamviringisha katika taulo na kumpeleka mjini.

Daktari wa mifugo alikuwa mtu mpole wa kabila la Lozi, kwa jina la Mubita, asiyejua haraka. Aliwatoa funza kwa kibano mmoja mmoja, akiwatia kwenye kisahani, na huku akiuliza maswali bila kuinua kichwa. Mbwa aliyeuma ni wa nani? Amechanjwa? Yuko wapi sasa? Felistasi alijibu kwamba hajui kama alichanjwa, na kwamba ameuawa, yeye mwenyewe ndiye aliyetaka auawe. Daktari alitikisa kichwa kidogo, akauliza kadi ya chanjo ya Tute. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa miaka mitatu nyuma. Kila mwaka chanjo hutolewa bure kwenye uwanja wa mpira, lakini Felistasi alikwenda mara moja tu, akawakuta mbwa wenye upele, mbwa wenye masikio yanayovuja, wamebanana na wenye mbwa waliokuja pekupeku. Mwaka uliofuata aliishia mlangoni mwa uwanja, akarudi na Tute wake kwapani. Sababu hiyo hakumweleza daktari. Alisema alisahau.

"Alikuwa na povu mdomoni," aliongeza, kwa kuwa povu lile lilikuwa bado likitambaa akilini mwake.

Mubita aliweka kibano chini. "Kabla ya kufa au baada?"

Felistasi hakujua.

Hapo daktari aliinua kichwa, akamweleza pole pole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Mwezi huo walikuwa wameshawapata mbwa wawili wenye kichaa upande ule wa mto. Lau Mtasema angeachwa hai, wangemfunga na kumtazama kwa siku kumi; akibaki mzima, shauri lingeishia hapo. Sasa aliyebaki wa kuulizwa ni ubongo wake. Pasipo jibu, Tute asiye na chanjo ingebidi adungwe sindano ya kulala moja kwa moja. Na yeye Felistasi, mwenye michubuko mikononi, aende hospitali leo hii akaanze sindano, asingoje.

"Ninahitaji kichwa, mama," alisema. "Kizima, kisipondwe. Kwenye barafu, kesho asubuhi. Keshokutwa hakitafaa kitu."

Felistasi aliuliza ni nani atakwenda kukichukua. Daktari alitazama dirishani, mahali ambapo gari pekee la ofisi lingekuwa limeegeshwa kama lisingekuwa gereji, kisha akafungua kabati akampa jozi mbili za glovu na mfuko mzito wa plastiki. Tute alibaki pale, ndani ya tundu la chuma.

Jioni hiyo, bega likimuuma kwa sindano, Felistasi aliingia uani kwa Jere. Alimkuta ameketi juu ya gunia, chini ya mpera. Alimweleza yote, kwa utaratibu, na Jere alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipomaliza, Jere alisema povu lile ni la sumu ya panya. Aliitia kwenye kapenta, wale dagaa wakavu, kwa sababu Mtasema alizipenda kapenta. Felistasi akasema daktari hawezi kupeleka maneno maabara.

"Kwa hiyo," alisema Jere, "nimfukue, nimkate kichwa, ili wa kwako aishi."

"Ndiyo."

Hakukuwa na namna safi ya kulisema. Jere alichuma jani la mpera, akalikunja mara nne. Akasema saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Felistasi alikuwa na hakika kwamba mzoga ulitupwa kwenye shimo la takataka nyuma ya soko, na usiku alijiandaa moyoni kwa shimo hilo. Lakini Jere, jembe begani, alipita soko, akaipita kilabu ya zamani ya wachimba migodi, akaishika njia ya kwenda mbugani mpaka kwenye kichuguu kirefu chenye kivuli. Udongo uliochimbwa jana yake ulikuwa umepigwapigwa ukawa laini, na juu yake mawe yamepangwa ili fisi wasifukue. Felistasi aliweka chini ndoo yake ya barafu, aliyoipata kwa muuza samaki.

Harufu iliwafikia kabla ya jembe kumfikia mbwa. Ilikuwa nzito na yenye utamu, utamu ambao ndio uliokuwa mbaya, kama embe lililooza ndani ya nywele. Kisha kukatokea kitambaa. Mtasema alikuwa amezikwa ndani ya ovaroli ya mgodini, ya buluu, yenye mistari inayong'aa gizani, na kifuani jina la Jere limeshonwa kwa uzi mwekundu. Jere alifungua vifungo kimoja kimoja. Alipofika cha mwisho, alichuchumaa, kisu mkononi, akabaki hivyo.

"Nilipompa ile kapenta alifurahi," alisema. "Hakuzoea kupewa mchana."

Felistasi alitazama pembeni. Alikuwa akimchukia mtu huyu kwa miaka, chuki safi, iliyopangwa vizuri, na sasa hakujua aishike wapi.

"Unajua Tute wako alikuwa anakuja kula chakula cha huyu?" Jere aliendelea. "Kila siku. Anapita kwenye tundu la michongoma, anakaa pale ambapo waya haufiki, anavuta bakuli kwa mguu. Anakula masalia yetu yote. Mwenzake anamwangalia tu mpaka amalize."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeweza kumbusu tena?"

Akilini Felistasi aliliona bakuli lile, la bati, lenye ukoko wa nshima, ugali wa juzi, na nzi. Aliuona mdomo mdogo mweupe ukirudi nyumbani adhuhuri, unyevu, na yeye akiuinamia. Lakini kilichomuuma zaidi, na hakutarajia, ni yule mwingine aliyekuwa amekaa mwisho wa waya wake, siku baada ya siku kwa miaka, akitazama chakula chake kikiliwa.

Kisu cha Jere kilikuwa bado hakijagusa shingo. Felistasi alivaa glovu za daktari, jozi mbili, moja juu ya nyingine, akapiga magoti kwenye udongo. Akamshika Mtasema taya kwa mkono mmoja na masikio kwa mwingine. Manyoya yalinyofoka na kubaki kwenye vidole vyake. "Nimemshika," alisema. "Kata."

Kazi ile haikuwa fupi. Ngozi ilikuwa ngumu na kilichokuwa chini yake kilikuwa laini mno. Maji ya rangi ya kutu yaliruka yakamwingia Felistasi ndani ya mkono wa blauzi, yakateremka, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta. Kisu kilikwama kwenye mfupa. Jere alikizungusha akitafuta kiungo, na mlio uliotoka pale ulikuwa wa kawaida kabisa, mlio wa jikoni, wa kuku wa sikukuu. Huo ndio uliomshinda Felistasi. Aligeuza uso akatapika kwenye mguu wa kichuguu, bila kuachia taya.

Jere alimngoja. "Kwenu na kwetu mtani ndiye anayezika," alisema kwa sauti ndogo. "Leo umekuja kufanya kazi yako."

Kitu kilimtoka Felistasi, na mtu aliyekuwa mbali angeweza kusema ni kicheko. Kisha wakaendelea.

Walipomaliza, alikitia kichwa kwenye mfuko, na mfuko kwenye barafu. Jere aliikunja ovaroli juu ya kilichobaki, akafunga vifungo vyote, hata kile cha kola ambacho hakikuwa na kazi tena. Walifukia pamoja. Njiani watu waliowapisha walikunja pua.

Daktari Mubita alitoa kipande cha ubongo, akakipeleka maabara. Majibu yalichukua siku sita. Felistasi alichomwa sindano nyingine, akafua blauzi ile mara nne, mwishowe akaichoma moto. Chakula hakikupita vizuri. Mtaani walisema mengi: kwamba Mama Kapembwa amekwenda kwa mganga wa Kingoni, kwamba ameonekana alfajiri akitoka mbugani na ndoo. Zamani angewaandikia barua.

Jumatano simu iliita. Mbwa hakuwa na kichaa, alisema daktari. Tute anaweza kwenda nyumbani kesho. Felistasi alimshukuru, akaketi kitini, akalia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa ya kweli muda wote ilipodumu. Kisha akaosha uso akaenda kwa jirani.

Jere alikuwa anachambua mkaa, vipande vikubwa upande huu, vidogo upande ule. Felistasi alimwambia majibu yamekuja.

"Alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima."

Jere aliendelea kuchambua. Kipande kikubwa, kidogo, kidogo, kikubwa. Waya ulikuwa bado umezungushwa kwenye mpera, umekula gome mpaka ndani.

"Na kichwa wamekiweka wapi?" aliuliza.

Felistasi alisema hajui.

"Mwili uko kule, kichwa kiko mjini. Hivyo sivyo tunavyozika."

Felistasi alimtazama pembe za mdomo, akiutafuta utani unakojificha siku zote. Haukuwapo. Akasema atakwenda kuuliza.

Alhamisi asubuhi benchi la ofisi ya mifugo lilikuwa limejaa. Karani alimsukumia Felistasi daftari, akatia saini, akakabidhiwa Tute: amenyolewa nusu, mgongo una mshono mrefu mweusi, ananuka dawa na tundu la chuma. Felistasi alimpakata. Hakuondoka kwenye meza.

"Kuna kingine, mama?"

"Nimekuja kuchukua na kichwa."

"Kichwa cha nini?"

"Cha mbwa. Kililetwa Alhamisi iliyopita. Mbwa wa Bwana Jere, jina lake Mtasema."

Mwanamke aliyekuwa karibu, mwenye kuku ndani ya kikapu, alivuta pindo la sketi yake akasogea. Karani alirudisha kiti nyuma. Mdomo wake wa juu ulijikunja upande mmoja, pua ikapanda, ingawa hapakuwa na cha kunusa. Felistasi aliutambua uso ule kama mtu atambuavyo mwandiko wake. Karani alisema vitu kama hivyo huchomwa moto. Au labda bado kiko kwenye jokofu la nyuma, yeye hajui, hakuna mtu aliyewahi kukiulizia.

"Basi naomba ukaangalie," alisema Felistasi. "Nitangoja."

Karani aliwatazama waliokaa kwenye benchi, kana kwamba mmoja wao angemsaidia. Kisha akainuka, akaingia chumba cha nyuma, na mlango mzito wa jokofu ukasikika ukibanduka. Felistasi alimhamishia Tute kwenye bega la kushoto. Kwa mkono uliobaki alitoa mkobani kitambaa cha meza, cheupe, kilichopigwa pasi, akakikunjua na kukitandaza juu ya meza ya karani.